Deni la Kumvi

Mashine yangu ina midomo miwili.
Mmoja hutema mchele, nao nauuza.
Wa pili hutema kumvi,
na kwa miaka kumi na tisa sikuwa na pa kuzitupa.
Zilirundikana hadi ukuta wa kanisa;
padri alikohoa katikati ya misa akinitazama mimi.
Usiku nilizichoma kando ya barabara ya Ilagan,
asubuhi diwani akanitoza faini.

Ndipo akaja Consorcia Pagaduan
na mkokoteni wa nyati, na beleshi, na ulimi wake.
"Nipe uchafu wako."
Nikampa. Nikamwongezea na kahawa.
Anayekuondolea kinyesi cha mashine
humwulizi anakipeleka wapi.

Alikuwa na debe lililotobolewa matundu,
bomba la bati limechomoza juu,
moto ndani, kumvi nje zimelizunguka kama kichuguu.
Alikesha nazo. Zilipoanza kupauka alizimwagia maji.
"Nyeusi," alisema, "nyeusi tu.
Zikiungua zikawa nyeupe
jiwe lililomo hujifunga, mzizi haulipati."

Jiwe gani, mama?
Akashika kidole gumba changu,
akasugua kumvi moja juu ya ukucha.
Ikaacha mkwaruzo.
"Hilo."

Alikwenda mkutano wa ofisi ya kilimo kwa ajili ya mkate wa bure,
akabaki kwa ajili ya maneno.
Mpunga, alisema, hunywa mchanga:
si punje, bali mchanga ulioyeyuka,
usioonekana, kama chumvi kwenye mchuzi.
Hupanda na maji hadi ngozi ya bua,
na maji yakishaondoka kwenda angani
mchanga hubaki, ukaganda vioo vidogo vidogo,
safu juu ya safu,
kama vipande vya chupa
ambavyo mwenye nyumba huvipanda juu ya ukuta.
"Na wewe," akaninyooshea beleshi,
"kila mavuno unaung'oa ukuta wangu
unakwenda kuuchoma barabarani."

Mwaka ule nondo walikuja mapema.
Kiwavi wa bua hana kelele:
hutoboa, huingia, hujifungia, hula moyo.
Kikulacho ki nguoni mwako,
nawe kwa nje waona kijani tupu,
mpaka siku masuke yanaposimama wima, meupe, mapepe,
hayainami, kwa kuwa hayana cha kuwainamisha.
Shamba langu nilikuwa nimelipiga dawa mara tatu.
Harufu ilikaa kwenye shati langu hadi Pasaka.

Consorcia alinipeleka kwake umande haujakauka.
Muujiza haukuwapo. Mapepe yalikuwapo.
Nikahesabu, mimi mtu wa mizani:
kwake mabua manane katika mia,
kwangu ishirini na matatu.
Kwenye jani moja nikamwona kiwavi mchanga,
mwembamba kama uzi wa kushonea.
Akauma, akaacha, akasogea, akauma tena.
Bandu bandu,
ila safari hii lililokuwa likiisha ni shoka.
Na kila dakika aliyochelewa nje ya bua
ilikuwa dakika ya buibui.
Buibui alikuwa palepale. Sikungoja mwisho.

Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu.
Msimu uliofuata nikatundika kibao:
KUMVI, PESO ISHIRINI GUNIA.

Consorcia alikisoma polepole, kidole kikifuata herufi.
Hakugomba. Alishusha mpunga wake,
gunia kwa gunia, akaupanga mbele ya mizani.
"Sawa," akasema. "Kwanza wewe nunua kumvi zangu,
zimo humu, zimeshika mchele.
Kisha utaniuzia."

Mashine ilikuwa ikinguruma; nikajifanya sikusikia.
Akasubiri.
Nyati naye akasubiri.

Kile kibao nilikishusha kabla ya jua kuzama.
Mbao yake ilikuwa nzuri.
Mke wangu hukatia vitunguu juu yake,
upande usio na maandishi.